Chumba kipya Isyesye hakina mtu, kibovu cha Mwanjelwa kina foleni. Tatizo ni nini?

#1 Kabwe Kona
Wakuu, salama. Swali kwa wanaojenga na kusimamia nyumba za kupangisha hapa Mbeya, na majirani wa Iringa na Njombe. Ukizunguka Isyesye, Itezi na Iwambi utakuta nyumba mpya za vyumba sita hadi nane, kila chumba na choo chake, vigae chini, jipsam juu, madirisha ya alumini. Kibao cha "chumba kinapangishwa" kinapauka kwa jua. Wakati huohuo Mwanjelwa na Mabatini vyumba vya zamani, choo cha uani, bomba moja la wote, havimalizi wiki bila mtu.

Hoja yangu, nipingeni: mwenye nyumba mpya anaharibu kabla hajachimba msingi. Anajenga nyumba anayoipenda yeye, kisha anapanga kodi kwa kuangalia alichotumia badala ya kuangalia mpangaji anaingiza nini. Leteni hesabu, maneno ya kijiweni tunayo ya kutosha.

#2 Dada Hesabu
Tuseme vyumba sita vimekula milioni 36 bila kiwanja, kila kimoja 60,000. Kwa mwezi 360,000, kwa mwaka 4,320,000. Wengi hapo ndipo wanapofunga daftari na kuita fundi.

Endelea kukata. Kila chumba kikikaa tupu miezi miwili tu kwa mwaka, 720,000 imeondoka, inabaki 3,600,000. Kodi ya serikali kwenye pango, asilimia 10, ni 360,000. Matengenezo weka kodi ya nyumba nzima ya mwezi mmoja, 360,000 nyingine. Rangi, kunyonya karo, kodi ya ardhi na posho ya anayekukusanyia, weka 300,000. Umebaki na 2,580,000. Kwenye milioni 36 hiyo ni asilimia 7 na kidogo. Hatifungani za serikali za muda mrefu zimekuwa zikitoa zaidi ya 10, na hakuna anayekupigia simu saa nne usiku kwamba koki inavuja.

Anayejenga kwa mkopo ndiye wa kuhurumiwa. Milioni 20, riba 16, miaka mitano, rejesho ni kama 486,000 kwa mwezi. Nyumba ikijaa yote inaleta 360,000. Hiyo 126,000 inatoka kwenye mshahara wako kila mwezi, na hapo hakuna chumba hata kimoja kilichokaa tupu.

#3 Soweto Juu
Dada Hesabu umekata kila kitu ila umesahau kiwanja kinapanda thamani. Hatifungani haina bustani.

#4 Dada Hesabu
@Soweto Juu thamani unaila siku unayouza. Na siku hiyo kuna kodi ya faida ya mtaji: asilimia 10 ya faida ukiwa na kumbukumbu za gharama. Huna kumbukumbu, unakadiriwa asilimia 3 ya bei uliyouzia au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Kwa hiyo risiti za simenti, nondo, bati na malipo ya fundi ni sehemu ya nyumba. Watu wanatunza picha za msingi kwenye simu, risiti wanafungia vitumbua.

#5 Abiria wa Sae
Mnaacha jambo lililo wazi. Mpangaji wa Isyesye juu anayefanya kazi Mwanjelwa: bajaji mpaka lami, tuseme 500, daladala tuseme 600. Kwenda na kurudi 2,200. Siku 26 za kazi ni 57,200. Chumba cha 60,000 kimekuwa cha 117,200. Kile kibovu cha Mabatini cha 45,000 anatembea kwa miguu, na mchana anarudi kula ugali wake. Mjenzi anaona bei ya kiwanja huko juu ni nafuu, anadhani amepata. Unafuu huo anaulipa mpangaji kwa nauli, na yeye anaurudisha kwako kwa kutokupanga.

Kabla ya kununua kiwanja cha kupangisha, simama pale saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa tatu mvua ikinyesha, uone bajaji zinafika au zinaishia kwenye tope.

#6 Mnyalu wa Kihesa
Kamwene. Huku Iringa vumbi la bajaji si hoja kubwa, tatizo ni kalenda. Kihesa, Semtema na Mkwawa zinaishi kwa wanafunzi. Vyuo vinafungua Oktoba au Novemba, Julai wanafunga mizigo. Ukipiga hesabu ya miezi 12 umejidanganya, mwanafunzi ana miezi tisa au kumi. Mazoezi ya vitendo yanakata tena hapo katikati.

Wanaojua kazi wanafanya hivi: mkataba kwa muhula, si kwa mwezi. Likizo ndefu anayetaka kushikiliwa chumba analipa nusu, asiyetaka anaondoa vitu na unatumia nafasi hiyo kupaka rangi. Orodha ya vitu inaandikwa siku ya kuingia: balbu, soketi, kitasa na idadi ya funguo, koki, kioo cha dirisha, kila kimoja na hali yake, wote wawili wanasaini. Bila orodha, Julai utakuta soketi zimebaki nyaya.

Na kosa la tarehe: nyumba inakamilika Machi. Kila mwanafunzi ameshapata pa kukaa. Unakaa na vyumba vitupu hadi Oktoba. Lenga nyumba ikamilike Septemba mwanzoni, la sivyo usiikimbize kwa mkopo.

#7 Kabwe Kona
Ndaga Mnyalu. Hilo la kalenda linaweza kueleza Iyunga karibu na chuo kikuu cha MUST, lakini Isyesye wanafunzi ni wachache. Bado hatujafika.

#8 Kijiwe Mafiati
Tatizo ni madalali, tusizunguke. Dalali anakula kodi ya mwezi mmoja kila mpangaji anapoingia. Mpangaji akikaa miaka mitatu, dalali amekula mara moja. Akihama kila miezi sita, amekula mara sita. Unategemea amtafutie nani chumba cha kudumu? Huyohuyo aliyemleta ndiye anamwambia baada ya miezi mitano "kuna kizuri zaidi Ilomba".

Dawa yake: mlipe wewe mwenye nyumba, kidogo siku ya kuingia na kidogo mpangaji akilipa awamu ya pili. Utaona anavyochagua watu.

#9 Soweto Juu
@Kijiwe Mafiati dalali huyo mwenye subira ya kusubiri awamu ya pili anapatikana mtaa gani? Tumfuate na maandamano.

#10 Mzee wa Lenta
Vijana mnaongea kodi na nauli, mpangaji anaondoka kwa sababu ya ukuta. Mbeya mvua inaanza Novemba na kufika Mei, halafu Juni na Julai ni baridi kavu. Nyumba iliyojengwa kwa ramani ya Dar haivuki mwaka bila ukungu.

Angalia nyumba mpya inayokimbiwa utakuta haya. Msingi umeinuka tofali mbili tu kutoka usawa wa ardhi, maji ya mvua yanaruka na kulowesha ukuta. Inua sentimita 45, na kwenye mteremko zaidi. Nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi imeachwa, au imewekwa vipande visivyopandana. Inatakiwa ipandane sentimita 15 na ipite unene wote wa ukuta, kona hadi kona. Paa lina upenu wa sentimita 30 kwa sababu mtu amebana bati. Kwa mvua zetu zenye upepo weka 60. Ukuta wa matofali ya kuchoma umepigwa plasta na rangi ya mafuta ndani ya mwezi mmoja. Maji yaliyo ndani hayana pa kutokea, rangi inatoka malengelenge ifikapo Februari.

Mbao nazo. Msonobari wa Sao Hill ni mzuri, lakini mbao iliyotoka kiwandani Mafinga ikiwa bado nzito kwa maji, ukiipandisha leo, kwenye paa itajikunja, bati linafunguka kwenye misumari, jipsam inapata doa la kahawia. Mpangaji anaona doa, hamuoni fundi. Panga mbao kivulini, weka vipande vya kutenganisha kila tabaka ili hewa ipite, uzipe wiki kadhaa. Na zipitie dawa.

Mwisho, na hili si la kodi. Juni watu wanaingiza jiko la mkaa ndani, wanafunga dirisha la alumini ambalo halipitishi hata unyoya. Sumu ya mkaa haina harufu, familia haiamki. Chumba cha zamani kina mianya chini ya bati, mtu ananusurika bila kujua. Chumba kipya hakina. Kila chumba kiwekwe matundu ya hewa mawili, moja chini karibu na sakafu na moja juu ukuta wa pili, na yasizibwe. Kwenye mkataba andika mkaa unawashwa nje.

#11 Abiria wa Sae
Mzee umemwaga shule, ila chumba cha Mabatini kina ukungu kuliko cha Isyesye na bado kimejaa. Kwa hiyo ukuta si jibu.

#12 Mzee wa Lenta
Ukungu wa 45,000 unavumilika. Ukungu wa 60,000 ni matusi.

#13 Umeme Wangu
Naweka kambi hapa kwenye LUKU, ndiyo inayovunja nyumba nyingi.

Nyumba ya vyumba sita inaunganishwa mita moja. Mteja wa matumizi madogo, D1, analipa kama 122 kwa uniti pamoja na tozo, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Akivuka mara kwa mara anahamishiwa T1, kama 356. Sasa hita ya bafuni ya wati 4,400 ikiwaka dakika 10 ni uniti 0.73. Siku 30 ni 22. Vyumba sita, mtu mmoja mmoja, ni 132. Hita peke yake imeshaua D1, bado friji, pasi na jiko la umeme.

Tuseme kila chumba kinatumia uniti 25. Mita moja: 150 mara 356 ni 53,400. Kila mmoja na mita yake kwenye D1: 150 mara 122 ni 18,300. Tofauti 35,100 kila mwezi, wapangaji wanaigombania uani na mwisho mmoja anahama. Mita mpya mjini bila nguzo ni kama 321,000. Ukiweza kupata mita zaidi ya moja, gharama hiyo irudishe kwenye kodi taratibu.

Usipopata, funga mita ndogo ya kila chumba kwenye boksi lenye kufuli, usomaji unafanyika siku moja ya mwezi mbele ya wote, bei ya uniti ni ile iliyo kwenye risiti ya LUKU ya mwezi huo. Usiongeze hata shilingi. Ukiongeza watajua, wanapiga hesabu kuliko wewe. Waya wa hita uwe milimita 4 za mraba au zaidi na swichi yake ya kukatia umeme. Mafundi wanavuta ile ya 2.5 ya soketi, inachemka ndani ya bomba na plasta inanuka.

Kumbuka pia kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, 1,000 kwa mwezi. Anayenunua umeme ndiye anayekatwa, na kisheria ni mzigo wa mwenye nyumba. Mrudishie.

#14 Dada Hesabu
@Umeme Wangu nakazia hita, nasahihisha kodi. 1,000 ilikuwa ilipoanza kukatwa kwenye LUKU Agosti 2021, yaani 12,000 kwa mwaka. Tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida ni 18,000 kwa mwaka, 1,500 kwa mwezi. Ghorofa ni 90,000 kwa mwaka kwa kila sakafu.

Na ukichukua ushauri wake wa mita sita, angalia usikatwe mara sita kwa nyumba moja. Peleka namba za mita zote uandikishe moja tu ibebe kodi.

#15 Soweto Juu
Kwa hiyo mita moja ugomvi, mita sita kodi sita. Parachichi haziombi LUKU.

#16 Shamba Rungwe
@Soweto Juu usiniite. Parachichi inakaa miaka mitatu hadi minne ndipo unachuma cha maana, na ina wadudu wake. Rudini kwenye vyumba.

#17 Mama Nsalaga
Jamani, mnavyobishana nauli na ukungu, mnajua wapangaji wa Mwanjelwa wanalipaje? Mwezi kwa mwezi, wengine nusu mwezi. Mtu anauza viazi au nguo sokoni, hela yake inaingia kila siku. Isyesye mnamwambia alete miezi sita. Chumba cha 60,000 ni 360,000 mkononi siku moja, na ya dalali 60,000 juu yake. 420,000! Muuza viazi akiwa na 420,000 anaongeza magunia, hakupi wewe.

Mwalimu na nesi wenye mshahara wanaweza miezi mitatu. Miezi sita inabaki kwa wachache, na hao wachache wanataka nyumba nzima yenye geti, si chumba kimoja. Mjenzi amejenga kwa ajili ya mtu ambaye hayupo.

#18 Kijiwe Mafiati
Mama Nsalaga umegusa, lakini mwezi kwa mwezi kuna anayekimbia na deni. Ndiyo maana watu wanadai sita.

#19 Mama Nsalaga
Anakimbia akiwa na deni la mwezi mmoja. Wewe unayesubiri wa miezi sita umeshapoteza minne kwa chumba tupu. Nani kapata hasara kubwa?

#20 Kabwe Kona
Hapo sasa. Wanasheria mpo? Mpangaji wa mwezi kwa mwezi asipolipa, mwenye nyumba anaruhusiwa kufunga kufuli?

#21 Wakili wa Baridi
Hapana. Kufunga kufuli, kung'oa bati, kukata maji au kutoa vitu nje bila amri ni kumpa mpangaji kesi ya fidia, na deni lako linageuka kuwa la pili.

Njia yenyewe: upangaji wa mwezi kwa mwezi unavunjwa kwa notisi isiyopungua kipindi hicho, yaani mwezi. Notisi iwe ya maandishi, itaje chumba, kiasi na tarehe, na apokee kwa saini au mbele ya shahidi, mjumbe anatosha kushuhudia. Akikataa kuondoka, shauri linaanzia Baraza la Kata kwa usuluhishi. Tangu marekebisho ya 2021 baraza hilo halitoi hukumu, linasuluhisha ndani ya siku 30. Likishindwa unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nje ya hapo hakuna njia ya mkato halali.

Mkataba wa mwaka mmoja au chini unaweza hata kuwa wa mdomo, lakini mdomo haushindi kesi. Uandike na ulipie ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Chumba cha 60,000 ni 7,200. Mkataba usio na stempu haupokelewi kama ushahidi mpaka ulipie na adhabu yake, na watu wanaligundua hilo mlangoni mwa baraza.

Ukiwa na fremu ya duka, mpangaji mfanyabiashara anatakiwa akate asilimia 10 ya kodi, aipeleke TRA, akupe wewe cheti cha zuio. Andika kwenye mkataba kama 200,000 ni kabla au baada ya zuio. Ugomvi wa fremu nusu yake ni hapo.

#22 Abiria wa Sae
Wakili, kabla ya mpangaji kuna kiwanja. Isyesye na kule nje Mbalizi vinauzwa kwa karatasi ya mwenyekiti wa mtaa na asilimia 10 yake. Hiyo inatosha?

#23 Wakili wa Baridi
Hakuna sheria inayompa mwenyekiti asilimia 10 ya bei. Ushahidi wake unasaidia kujua muuzaji anatambulika mtaani, basi. Haumfanyi muuzaji kuwa mmiliki.

Kiwanja chenye hati: fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, kwa namba ya hati na namba ya kiwanja, siku chache kabla ya kulipa. Unaangalia jina, muda uliobaki (hati zinatoka za miaka 33, 66 au 99), rehani ya benki, na zuio la mtu anayedai. Angalia pia deni la kodi ya ardhi, maana linafuata kiwanja. Muuzaji mwenye ndoa, na nyumba ni ya ndoa: bila ridhaa ya mwenzi Sheria ya Ndoa ya 1971 inakurudisha ulikotoka. Ridhaa iwe ya maandishi na yeye mwenyewe awepo siku ya kusaini. "Mke wangu yuko Tukuyu, amekubali kwa simu" si ridhaa. Ardhi ya urithi, omba barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Kikao cha ukoo hakiuzi.

Ardhi ya kijiji ina njia yake. Halmashauri ya kijiji ndiyo inayohusika, kuna muhtasari wa kikao wenye mahudhurio na mihuri, na hati yake ni ya kimila. Ukishuka kuelekea Mbalizi umetoka Jiji, uko Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya. Watu wanapeleka maombi ya kibali cha ujenzi ofisi isiyo yake, wanazungushwa, wanaamua kujenga bila kibali.

#24 Kijiwe Mafiati
Na barabara kuu? Nasikia hifadhi yake ni mita 22 na nusu kila upande.

#25 Mpima Uyole
@Kijiwe Mafiati hizo 22.5 ni za zamani. Sheria ya Barabara ya 2007 imeweka 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, jumla 60, kwa barabara kuu na za mkoa. Ukinunua kando ya TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia, usipime kutoka ukingo wa lami, pima kutoka katikati. Njia nne za Nsalaga hadi Ifisi zimewafundisha wengi. Alama ya X nyekundu maana yake umeingia hifadhini, huna fidia. Ya kijani unafanyiwa tathmini. Mwenye nyumba anayeuza haraka kando ya barabara hiyo, kagua ukuta kwanza, rangi mpya inaweza kuwa imefunika kitu.

Mto ni mita 60 kutoka ukingoni kwa Sheria ya Mazingira ya 2004. Vijito vyetu vinavyoshuka kutoka milimani vinakauka Septemba, muuzaji anakuonyesha "uwanda". Rudi Machi.

Mteremko nao. Aprili 2024 tope lilishuka kutoka Mlima Kawetere na kufunika nyumba Itezi. Kiwanja kilicho chini ya mlima uliokatwa miti, angalia kama kuna mikunjo ya zamani ya udongo, miti iliyoinama, nyufa za upinde juu ya mteremko. Ukiziona, bei hiyo haijashuka bure.

Halafu bikoni, yale mawe ya mipaka ya kiwanja. Usioneshwe na dalali. Chukua mchoro wa upimaji, tafuta namba zilizoandikwa kwenye jiwe lenyewe, mpe mpima asome kwa kifaa. Majirani wanahamisha mawe usiku. Mtu anajenga choo, kinaingia mita moja na nusu kwa jirani, na nyumba nzima inashikwa na kesi ya choo.

#26 Soweto Juu
Mpima umefanya nisitoke nje. Kila nyumba naiangalia kama ina X chini ya rangi.

#27 Mnyalu wa Kihesa
Huku kwetu kabla ya bikoni uliza mwamba. Miteremko yenye majabali ya Iringa, unachimba karo futi tatu unagonga jiwe. Fundi anakwambia "tuliinue tu juu". Karo lililoinuliwa juu ya sakafu ya choo linarudisha maji machafu ndani. Chimba shimo la majaribio kabla ya kuweka ramani, nyumba ifuate shimo.

#28 Kabwe Kona
Na vipimo vya karo kwa vyumba sita vyenye choo ndani? Naona watu wanachimba dogo, baada ya miezi minne gari la kunyonya limekuwa mpangaji wa saba.

#29 Mzee wa Lenta
Hesabu watu, usihesabu vyumba. Vyumba sita ni watu 12. Kila mtu lita 80 kwa siku, karibu lita 1,000. Karo la mita 2.5 kwa 1.2, kina cha maji mita 1.5, linabeba lita 4,500, yaani siku nne na nusu za kutulia. Weka ukuta wa kugawa ndani, theluthi mbili upande wa kuingilia. Bomba la kuingia liwe juu kidogo ya la kutokea, yote mawili na T iliyoshuka chini ya uso wa maji, la sivyo uchafu unaoelea unahamia shimo la pili na kuziba udongo. Likishaziba, kunyonya hakusaidii, unachimba jipya.

Shimo la pili lisijengwe kwa simenti chini wala pembeni, matofali yapangwe yenye nafasi ili maji yanywewe. Liwe mbali na kisima mita 30. Na maji ya kuogea yapitishie kichungi chake, yasiingie karoni kama eneo ni dogo, maana ndiyo yanayojaza.

#30 Umeme Wangu
Mzee, na gari la kunyonya lifike. Nyumba nyingi za Itezi karo liko nyuma, geti futi sita, bomba halifiki.

#31 Mama Nsalaga
Sawa, karo limeeleweka. Ila bado nasema punguzeni miezi sita muone.

#32 Kijiwe Mafiati
Na madalali je?

#33 Abiria wa Sae
@Mama Nsalaga ukipunguza miezi na bajaji ikabaki 500 utapata mpangaji wa miezi miwili. @Mpima Uyole, ukipata nafasi tuelekeze, kiwanja kisichopimwa ambacho mtaa umeingia kwenye urasimishaji, mnunuzi anadai karatasi gani kabla ya kulipa?

#34 Mpima Uyole
Barua ya mtaa inayoonyesha eneo liko kwenye zoezi, nakala ya mchoro wa mipango miji yenye namba ya kiwanja hicho, na risiti ya mchango wa upimaji kwa jina la muuzaji. Ukipewa risiti yenye jina la marehemu baba yake, rudi kwenye mirathi aliyoitaja Wakili #23. Na uangalie mchoro vizuri: kipande unachouziwa kinaweza kuwa kimechorwa barabara ya mita nane.